UZI: Kila aina ya barabara Nairobi ina majeruhi wake

Nesi wa Dharura

Wakuu, habari za jioni. Huu ni uzi mrefu, naomba mnivumilie.

Kila ajali kubwa ikitokea tunasikia maneno yale yale: dereva alikuwa mlevi, matatu ilikuwa mbovu, kasi ilizidi. Sipingi hata moja. Lakini nimefanya kazi kwenye chumba cha dharura hapa Nairobi kwa miaka mingi, na mara nyingi, kabla hata sijaambiwa ajali imetokea wapi, majeraha yenyewe hunionyesha ni barabara ya aina gani. Aliyegongwa Thika Road haumii kama aliyegongwa Ronald Ngala, katikati ya jiji. Mtoto wa Kayole anayeletwa saa kumi jioni si sawa na abiria anayeletwa alfajiri kutoka upande wa Mai Mahiu.

Hoja yangu ni kwamba barabara, kwa jinsi ilivyojengwa na kwa watu inaowakutanisha, ndiyo inayoamua kwa sehemu kubwa nani ataumia, ataumia wapi mwilini, na kama atapona. Tukizungumza juu ya ajali kana kwamba zote ni moja, ni kama kumpa dawa ya kikohozi mtu aliyevunjika mguu.

Kwanza takwimu, halafu niingie barabarani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 1.19 hufa kila mwaka duniani kwa ajali za barabarani, na zaidi ya nusu yao ni watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na waendesha pikipiki. Kwa watu wa umri wa miaka 5 hadi 29, hakuna kinachoua zaidi. Kwetu Kenya, hesabu za NTSA, mamlaka ya taifa ya usafiri na usalama barabarani, zimekuwa zaidi ya vifo 4,000 kwa mwaka katika miaka ya karibuni, na kundi kubwa kuliko yote ni watembea kwa miguu. Na hizo ni zile zilizoandikwa. Kwa mwaka 2016 Kenya iliripoti vifo 2,965, lakini makadirio ya Shirika la Afya kwa mwaka huo huo yalikuwa 13,463. Aliyegongwa leo akafia wodini baada ya wiki mbili ni rahisi kabisa kukosekana kwenye daftari la polisi.

Sasa barabara.

Ninayoiogopa kuliko zote ni barabara kuu inayokata mtaa. Thika Road kuanzia Pangani hadi Githurai, Mombasa Road kuelekea Mlolongo, Waiyaki Way pale Kangemi na Uthiru, Outering, Eastern Bypass. Hizi zilipanuliwa ili magari yaende kasi, lakini pande zote mbili kuna watu: soko upande huu, nyumba upande ule, shule hapa, steji pale. Gari dogo likimgonga mtu mzima, bampa hukutana na mguu chini ya goti, ukingo wa boneti hukutana na nyonga au paja, kisha kichwa kinaangukia kioo cha mbele au lami. Kwa hiyo tunapokea mguu uliovunjika, nyonga iliyopasuka na ubongo unaovuja damu, vyote kwa mtu mmoja. Akigongwa na matatu au lori lenye uso wa wima, kifua na kichwa hupigwa kwa pamoja, na wengi hawafiki kwetu.

Saa zao nazo zinajulikana. Ni jioni, kuanzia saa moja hadi saa nne hivi za usiku, watu wanaposhuka kazini. Taa za barabarani hazifanyi kazi kila mahali, nguo ni za rangi nyeusi, mvua inanyesha, na dereva naye amechoka.

Kitu kingine ninachokiona kutoka barabara hizi, hasa pande za Mombasa Road, ni gari dogo lililoingia chini ya trela lililosimama gizani bila reflekta. Hapo majeraha ni ya kichwa na shingo, na mkanda hausaidii sana kwa sababu paa la gari ndilo linaloingia ndani.

Aina ya pili ni barabara ndefu za kutoka mjini zenye leni moja kwenda na moja kurudi. Huko magari hukutana uso kwa uso wakati mmoja anajaribu kulipita lori. Majeruhi huja kwa kundi: mbavu, ini na wengu vilivyopasuka, mifupa ya mapaja, na nyuso zilizogonga siti ya mbele kwa abiria wa matatu ambao hawakufunga mkanda. Idadi ya ajali inaweza kuwa ndogo, lakini moja ikitokea inaondoka na watu wengi. Na penye soko kando ya barabara kama hiyo, hatari huwa ni ya kila mtu. Mnaikumbuka Londiani, Juni 2023, lori lilipopoteza mwelekeo likawavamia wachuuzi, watu wa boda na abiria waliokuwa wakisubiri gari. Walikufa zaidi ya watu 50. Wengi wao hawakuwa ndani ya chombo chochote.

Barabara za katikati ya jiji, Tom Mboya, River Road, Accra Road na kadhalika, zina msongamano, na kasi ni ndogo. Tunapokea vidole vya miguu vilivyokanyagwa na tairi, viwiko, na watu waliobanwa kati ya matatu mbili, moja ikirudi nyuma. Ni wengi, lakini wengi wao wanarudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Halafu kuna barabara za ndani ya mitaa. Hizo nitaziacha kwanza, natumaini kuna mzazi humu atakayezisemea.

---

Probox Nyeupe

Nesi, heshima yako kwa kazi mnayofanya. Lakini niseme ukweli. Thika Road ina madaraja ya wapita njia. Mimi naiendesha kila siku na naona watu wanaruka vizuizi chini ya daraja lenyewe. Barabara imewafanyia nini hao? Mtu asipotumia daraja alilojengewa, lawama ni yake.

---

Injinia Mstaafu

Ndugu Probox, umeuliza swali zuri, na nitalijibu kwa hesabu kwa sababu ndiyo niliyofanya maisha yangu yote.

Chukua leni tatu za upande mmoja. Kila leni ina upana wa mita tatu na nusu hivi, kwa hiyo jumla ni mita kumi na kidogo. Mtu mzima mwenye afya hutembea mita 1.2 kwa sekunde, hivyo anahitaji karibu sekunde 9 kuvuka. Gari lililo kwenye kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde, maana yake katika sekunde hizo 9 linakula mita 200. Anayetaka kuvuka salama anapaswa kuliona gari lililo umbali wa viwanja viwili vya mpira, usiku, na kukadiria kasi yake. Mama mzee au mtu aliyebeba gunia anahitaji karibu mita 300. Hakuna jicho la binadamu lililoumbwa kwa kazi hiyo. Punguza kasi hadi 50 na umbali huo wa mita 200 unashuka hadi 125.

Sasa daraja. Mtu hupima njia yake kwa dakika na kwa miguu. Daraja likiwa mbali na steji anayoshukia, itambidi aende hadi huko, apande, ashuke, kisha arudi umbali ule ule kufika mlangoni pake, ng'ambo ya pili ya pale aliposhuka. Ongeza ngazi kwa mwenye mtoto mgongoni, na giza na vibaka baada ya saa mbili usiku. Ukijenga daraja mahali ambapo watu hawavuki, umejenga chuma tu. Sisi wahandisi tunajua jambo hili vizuri. Outering ilipopanuliwa kuwa ya njia mbili zilizotenganishwa, ya kwenda na ya kurudi, magari yalianza kukimbia kabla watu hawajapata pa kuvukia, na waliolipa ni wakazi.

Kuna mfumo wa kimataifa wa kupima usalama wa barabara kwa nyota, moja hadi tano, na uzuri wake ni kwamba kila mtumiaji anapewa alama zake. Barabara ile ile inaweza kumpa mwenye gari nyota nyingi na mtembea kwa miguu nyota moja. Hilo ndilo tatizo la barabara zetu kuu za Nairobi kwa sentensi moja.

---

Rubani wa Nduthi

Shikamoo injinia. Mimi ni mtu wa boda, kituo kiko upande wa Roysambu. Naona tunasubiriwa tulaumiwe, kwa hiyo niseme mapema.

Watu wanatuona tukipanda upande usio wetu kwenye barabara za kando na wanasema hatuna akili. Angalieni barabara ilivyo. Mteja yuko pale ng'ambo, unamwona kwa macho. Ili umfikie kihalali unaenda hadi pa kugeuzia, mbali, unachanganyika na magari ya kasi, kisha unarudi. Yeye analipa shilingi hamsini. Kwa hiyo vijana wanapita kinyume, na hapo wanakutana uso kwa uso na matatu inayotoka steji. Sitetei. Rafiki zangu wamekatwa miguu kwa jambo hilo hilo. Lakini ukijenga ukuta wa kilomita kadhaa katikati ya mtaa na usiache pa kugeuka, umeshaamua tutapita wapi.

Kuhusu helmeti: sheria inasema mimi na abiria wangu tuvae, na nibebe abiria mmoja tu. Mimi ninayo ya pili. Abiria wengi wanaikataa, hasa wakina dada waliotoka saluni, na wengine wanaogopa jasho la aliyevaa kabla yao. Wenzangu waliopata suluhisho wanagawa kofia za plastiki nyepesi za kuvaa ndani. Ni bei ya chini sana.

---

Nesi wa Dharura

Rubani, asante sana. Wasomaji waelewe jambo hili: helmeti nzuri iliyofungwa chini ya kidevu hupunguza hatari ya kufa zaidi ya mara sita, na hatari ya ubongo kuumia kwa hadi asilimia 74. Imefungwa chini ya kidevu. Ile inayowekwa kichwani kama kofia ya mvua huruka kabla kichwa hakijafika chini.

Na majeraha ya boda nayo hutofautiana kwa barabara. Kwenye lami ya kasi tunaona fuvu na mfupa wa muundi uliotoboa ngozi, jeraha limejaa uchafu wa barabara. Hilo la pili watu hulichukulia kuwa dogo. Mfupa uliotoka nje ya ngozi unahitaji kusafishwa upesi na dawa za kuzuia vidudu mapema iwezekanavyo. Ukichelewa, maambukizi yanaingia kwenye mfupa na mtu anaweza kukaa na kidonda miaka, bila kazi. Kwenye njia za murram tunaona vifundo vya miguu, mabega yaliyoteguka, na abiria walioungua ndama kwa eksozi. Majeraha hayo yanapona, ila mtu wa kibarua akikosa kazi wiki sita, watoto wake wamekosa chakula wiki sita.

---

Mama wa Umoja

Nesi umesema mzazi aseme, nami nimekuja.

Barabara yetu ya mtaa ilikuwa ya mashimo matupu. Magari yalijikokota. Watoto walicheza mpira pale pale na tulilalamika kila mwaka tuwekewe lami. Ikaja lami, nyeusi, nzuri, na tukashangilia. Hawakuweka tuta hata moja, wala njia ya miguu, wala kibao. Ndani ya wiki chache magari ya teksi na boda yakaanza kuitumia kukwepa msongamano wa Outering. Mtoto wa jirani yangu aligongwa akienda dukani kutumwa mkate. Alipona, lakini hadi leo anaandika kwa mkono wa kushoto.

Wanaume wa ploti walijenga matuta yao kwa mawe na saruji usiku. Nilifurahi, kisha boda wawili wakaanguka hapo kwa sababu hayakupakwa rangi. Kwa hiyo sasa nauliza: kwa nini lami ilitujia bila mtu kutuuliza watoto wanapita wapi?

---

Injinia Mstaafu

Mama, pole sana kwa mtoto huyo. Swali lako ndilo linalopaswa kuulizwa kabla ya lami, na gharama ya kulijibu mapema ni ndogo kuliko ya kurudi baadaye.

Barabara ya mtaa inapaswa kumfanya dereva apunguze kasi bila kuambiwa: iwe nyembamba, iwe na kona za mkato mkali, na vivuko vilivyoinuliwa kwa upana wa gari zima, vyenye mteremko wa taratibu na rangi inayoonekana usiku. Lengo ni kilomita 30 kwa saa. Gari la kilomita 60 lina nguvu mara nne ya lile la 30, si mara mbili. Kwa mtoto tofauti ni kubwa zaidi, maana boneti inayompiga mtu mzima pajani inampiga mtoto kifuani au kichwani. Na lori la maji au la taka likirudi nyuma, mtoto mdogo haonekani kabisa kwenye vioo.

Tuta la mawe la kujijengea lina kasoro uliyoisema: linaokoa wa miguu na kumwangusha wa pikipiki. Lililojengwa kwa vipimo huwasaidia wote wawili.

Jiji lina sera ya mwaka 2015 kuhusu usafiri wa miguu na baiskeli, iliyoahidi kutenga asilimia 20 ya bajeti ya uchukuzi kwa ajili ya hao. Mkitembea Wabera au Kenyatta Avenue mtaona kinachowezekana: njia pana za miguu, watu wametulia. Ningependa kuona kazi hiyo Kayole, Dandora na Kawangware, maana huko ndiko watu wanakotembea kwa lazima.

---

Dereva wa Zamani

Nimeendesha matatu tangu kabla ya sheria za matatu za waziri Michuki za 2004. Niongeze mawili.

Kidhibiti mwendo kinakuzuia kwenye 80. Kwa safari ya Nakuru kilisaidia, wala sisemi uongo, mikanda na siti za kuhesabiwa zilitutoa mbali. Lakini ndani ya Nairobi 80 bado ni nyingi mno. Pale Githurai au Kangemi sheria ya mjini ni 50, na hakuna kinachokulazimisha isipokuwa polisi aliyesimama. Akiondoka, na 50 inaondoka naye.

La pili ni steji. Abiria anataka kushukia pale njia yake ya nyumbani inapoanzia, na eneo rasmi la kusimama liko mbele zaidi au limejaa wachuuzi. Makanga anagonga bodi, unasimama kwenye leni. Anayeshuka anapitia mbele ya gari lako, na wa leni ya pili hamwoni mpaka amemfikia. Nimeona hilo likitokea kwa macho yangu. Madereva wanaosoma hapa: ukiona matatu imesimama leni ya kushoto, punguza mwendo. Kuna mtu mbele yake.

---

Probox Nyeupe

Na Expressway, ile barabara ya juu ya kulipia, je? Ile haina watembea kwa miguu wala boda.

---

Nesi wa Dharura

Ndiyo, na ndiyo maana ni mfano mzuri. Kilomita 27, ilifunguliwa 2022, kikomo ni 80, na juu kule mtu wa miguu, boda na tuktuk hawaruhusiwi. Anayeumia huko ni aliye ndani ya gari: kifua, shingo, kichwa, kwa kasi iliyopitiliza au kwa kugonga ukuta na gari la mbele. Mkanda unafanya kazi yake hasa katika ajali za aina hiyo, hata kwa wa siti ya nyuma. Chini yake, Mombasa Road ya zamani bado ina watu wale wale wanaovuka, sasa kati ya nguzo. Aliyelipa ada ametenganishwa na hatari, na asiyelipa amebaki nayo. Natamani mpango wowote wa barabara ya juu uhesabu pia majeruhi wa chini.

---

Mama wa Umoja

Injinia, tufanye nini sisi wa mtaa? Tuandikie nani? Diwani ametuambia barabara si ya kaunti.

---

Injinia Mstaafu

Mama, anza kwa kujua barabara ni ya nani. Barabara kuu za kitaifa ziko chini ya mamlaka ya KeNHA, nyingi za mjini chini ya KURA, za vijijini KeRRA, na nyingine ni za kaunti. Mara nyingi kibao cha mradi kilichosimikwa wakati wa ujenzi hutaja mwenye barabara. Kama kimeng'olewa, andikia KURA na kaunti barua ile ile na uwaambie wote wawili kwamba mwenzake amepata nakala.

Barua isiwe ya malalamiko matupu. Kaeni watu wawili watatu mahali pa kuvukia, saa kumi na mbili hadi saa mbili asubuhi, kisha jioni. Hesabuni wanaovuka kila dakika kumi na tano, watoto kwa wakubwa. Chukueni picha, na mseme shule iko umbali gani. Andikeni ajali mnazozijua, tarehe na saa, bila majina ya watu. Ombeni kitu kimoja mahususi: kivuko kilichoinuliwa, mahali fulani.

Mkikosa jibu, tumieni Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Ofisi ya umma inatakiwa kujibu ombi la habari ndani ya siku 21, na kama habari inahusu uhai wa mtu, ndani ya saa 48. Ombeni mchoro wa barabara hiyo na ripoti ya ukaguzi wa usalama wake. Mkiwa na mchoro mkononi, mtaona kama matuta yalichorwa na hayakujengwa, au hayakuchorwa kabisa. Hizo ni barua mbili tofauti.

---

Rubani wa Nduthi

Mama wa Umoja, kituo chetu kina vijana wanaokaa upande wako. Tuko steji saa hizo zote za asubuhi na jioni kwa vyovyote vile, tutawahesabia. Nitumie ujumbe wa ndani, uniambie ni kona gani. Na hayo matuta ya mawe, tukipata rangi nyeupe tutayapaka Jumamosi, wakati tunasubiri hayo ya kweli.

---

Mama wa Umoja

Nimekutumia, kijana wangu. Rangi ipo, ilibaki tulipopaka lango la ploti. Leteni brashi.